Shaba Mpya kwa Ngoma ya Zamani

Msimu wa kahawa wilayani Mbinga hushika kasi kuanzia Juni, na wiki kadhaa kabla ya hapo mashine za kumenyea huanza kuteremka kutoka milimani. Huja zimefungwa kwa mipira nyuma ya bodaboda, zimelazwa kwenye keria za magari ya abiria, au zimening'inizwa kwenye mti mabegani mwa vijana wawili. Nyingi zina umri mkubwa kuliko wanaozibeba. Ukikwangua rangi kidogo ubavuni unaweza kukuta jina la kiwanda limetokeza kwenye chuma chenyewe: Bentall wa Heybridge, kule Essex, au McKinnon wa Aberdeen, Scotland. Zilivuka bahari, zikapanda hadi milima hii ya Umatengo, na leo bado zinazungushwa kwa mkono kila jioni ya mavuno.

Kinachoisha kwanza kwenye mashine hizi ni shaba. Ndani yake kuna ngoma ya chuma iliyovishwa bati la shaba lenye mamia ya vinundu. Ngoma ikizunguka, vinundu hukokota tunda na kulipeleka kwenye bamba la chuma lililopinda mbele yake. Tunda hubanwa hapo, ganda jekundu hupasuka, na punje mbili huchomoka zikiwa bado ndani ya ganda lao la pili, zikiteleza kama kawaida yake. Vinundu vikishalika, tunda hupita bila kumenyeka. Mwenye mashine hukaza bolti ili bamba libane zaidi, na hapo ndipo hasara inapoingia, kwa sababu sasa punje zenyewe hukatwa. Punje iliyochanjwa huchachuka vibaya inapovundikwa, hubadilika rangi, na ikifika Moshi kwenye meza ya waonjaji hakuna maneno ya kuitetea.

Hivyo kila mwaka swali hurudi: ngoma ivishwe shaba nyingine, au inunuliwe mashine mpya?

Mpya zipo, nyepesi na zenye rangi inayong'aa. Vilevile vyama vya msingi vya ushirika katika vijiji kadhaa vina mitambo ya pamoja ya kumenyea, mingine ikiwa ni Penagos kutoka Kolombia, inayosifika kwa kutumia maji kidogo. Aliye jirani na mtambo wa namna hiyo hana sababu ya kuhangaika na gurudumu la mkono. Lakini kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku hiyohiyo iliyochumwa, na kiasi cha kilo 5 za mbivu ndizo hutoa kilo 1 ya kahawa ya maganda iliyokauka. Anayeishi ng'ambo ya bonde, ambako njia ya miguu inapita katikati ya mashimo ya kilimo cha ngoro yaliyochimbwa mteremko mzima, hupiga hesabu ya mzigo huo kichwani na mgongoni kabla hajafika kwenye hesabu ya bei. Kwake, mashine ya nyumbani ndiyo inayomruhusu kuchuma leo na kulala bila wasiwasi.

Fundi niliyemwangalia akifanya kazi ana banda la mabati kando ya barabara inayoteremka kwenda Mbamba Bay. Si mtu wa milimani. Ni mzaliwa wa Liuli, ufukweni mwa ziwa, na mikono yake ilifunzwa na injini za boti za wavuvi. Liuli ni mahali panapomfaa fundi kuzaliwa. Agosti 1914, Wajerumani wakiwa bado wanapaita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo, Waingereza wakatokea na meli yao Guendolen na kuipiga mizinga kabla nahodha wake hajapata habari kwamba Ulaya kuna vita. Meli ile haikutupwa. Iliokolewa, ikabadili wenyewe, na baadaye ikatembea ziwani kwa jina la King George. Fundi hajali sana nani alimpiga nani. Kinachomkaa moyoni ni kwamba chuma kile kilifaa tena.

Mashine ya siku ile ilikuwa ya mama mmoja kutoka upande wa Maguu. Alishaamua ugonjwa kabla ya kufika.

"Fundi, shaba imekwisha. Nivishie nyingine."

"Sawa mama, lakini ngoja kwanza tumsikilize mwenyewe."

Akafungua hopa, akaiweka kando, akazungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja huku ameinamisha sikio karibu na ncha ya shafti. Nilisikia mlio mmoja tu wa chuma. Yeye alisikia miwili. Akashika shafti kwa mikono yote miwili, akainyanyua, ikapanda kidogo na kushuka na kishindo kidogo. Akamwita mama, akamwekea kidole chake palepale ili ausikie mchezo ule mwenyewe. "Shaba ni nguo tu, mama. Anayeumwa ni huyu."

Hapo ndipo palipo na hukumu yake yote, na sikuona mteja aliyeweza kumvuta nje yake. Mwili wa mashine ukiwa umepasuka, ngoma ikiwa imepoteza mviringo, au shafti ikiwa imepinda, hagusi. Anamwambia mtu akanunue. Bushi na shaba zikiwa ndizo pekee zilizokwisha, kazi inafanyika. Sababu yake ni ya kifundi. Ukivisha shaba mpya juu ya ngoma inayochezacheza, nafasi kati ya vinundu na bamba itakuwa pana upande huu na finyu upande ule kila gurudumu linapozunguka. Shaba mpya itaharibu kahawa kuliko ya zamani, maana meno yake ni makali zaidi.

Alianza na matundu. Bushi za zamani zilikuwa zimelika upande wa chini, ambako uzito wa ngoma na gurudumu hulala mwaka hadi mwaka, na inaelekea mtu fulani aliwahi kuitumia mashine hiyo muda mrefu bila bushi kabisa, kwa sababu hata tundu la mwili lilikuwa limerefuka. Bushi mpya isingekaa humo. Ilibidi tundu lipanuliwe mpaka liwe duara tena, ndipo litengenezewe bushi nene zaidi ya ile ya kiwandani.

Angeweza kulitoboa kwa drili na kumaliza baada ya dakika chache. Hakufanya hivyo. Drili hulifuata tundu lililokuwepo, na kama tundu limeshapinda, nayo itapinda vilevile. Alitumia rima ya mkono, akaipachika kwenye fimbo ndefu ya chuma iliyonyooka, akaipitisha fimbo ile katika matundu yote mawili kwa pamoja, la kulia likiongozwa na la kushoto. Mwenzake akashika mwili wa mashine usitikisike kwenye jiliwa. Fundi akaanza kuzungusha, robo mzunguko, anapumua, robo nyingine. Rima hairudishwi nyuma hata mara moja, kwani ukiirudisha makali yake huvunjika na kuchora ukuta wa tundu. Hakutia mafuta. Chuma cha aina hii hutoa unga mkavu mweusi, na mafuta yangeugeuza uji wa kuziba makali. Kila baada ya mizunguko michache alichomoa, akapuliza, akapitisha kidole ndani, akarudisha. Upande mmoja wa tundu uling'aa mapema na mwingine ukabaki mweusi, maana rima ilikuwa bado haijaufikia. Aliendelea hadi weusi ukaisha pande zote. Kazi hiyo peke yake ilichukua asubuhi nzima, na mama alikwishaondoka kwenda sokoni.

Bushi zenyewe zilikerezwa na jirani mwenye mashine ya kukerezea, kutoka kwenye kipande cha shaba nyeupe. Fundi alimpa vipimo kwa venia, lakini akampa pia kipande cha fimbo kilichopita kwenye tundu, akijua kwamba jirani ataamini fimbo kuliko namba. Zilirudi zikiwa zimebana kidogo, kama alivyoagiza. Akaziingiza kwa nyundo ya mbao, pigo moja upande huu na jingine upande wa pili, kisha kwa tindo nyembamba akachora mfereji mdogo wa kupitishia grisi ndani ya kila moja. Shafti ilipoingia ilizunguka bila kupanda wala kushuka.

Ndipo ikaja zamu ya shaba. Bati la zamani halivutwi kwa hasira, kwa sababu ndilo ramani ya kazi inayofuata. Alikata vichwa vya misumari kwenye mshono, akalikunjua kidogo kidogo, akalilaza mezani. Katikati vinundu vilikuwa vimebaki alama tu, lakini pembeni, ambako matunda hayafiki sana, vilikuwa vizima. Akatandaza juu yake karatasi ya mfuko wa saruji, akaisugua kwa kipande cha mkaa, na safu zote zikajitokeza. Hazikuwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka; zilikwenda mshazari, kila safu ikiwa imesogea hatua kidogo kutoka ile iliyotangulia. Nilidhani ni urembo wa kiwanda. Fundi akanieleza kwamba safu nzima ikifika kwenye bamba kwa wakati mmoja, gurudumu hugoma na mkono wa mzungushaji huumia. Zikiwa mshazari, kila mara kuna vinundu vinavyoingia na vingine vinavyotoka, na mzigo unakuwa uleule muda wote. Watoto wa Umatengo wanaozungusha mashine hizi jioni baada ya shule hawajui kwamba kuna mtu aliyeifikiria mikono yao.

Bati jipya lilikuwa gumu, likirudi kila ulipolikunja. Akalipeleka kwenye jiko la mkaa, akalipasha moto kipande kwa kipande hadi likawa jekundu la giza, kisha akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Aliyezoea kufua visu atashtuka hapa, kwani kisu cha chuma cha pua kikitoka motoni na kuingia majini huwa kigumu. Shaba hufanya kinyume chake, hulainika. Lilipotoka kwenye ndoo ile, bati lilikunjika kwa vidole viwili.

Kwenye kupiga vinundu ndipo mtu asiye na subira angeiharibu kazi yote. Panchi yake aliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye kipande cha chuma cha pua, kichwa chake kimechongwa mviringo na kung'arishwa kwa msasa mpaka hakina ukingo wowote. Bati hulazwa kifudifudi juu ya gogo gumu lenye kishimo kidogo. Pigo moja la nyundo, si mawili, na kinundu hutokeza upande wa pili. Pigo likiwa jepesi, kinundu kitakuwa kifupi, nacho hakitakokota tunda. Likizidi, shaba hupasuka kileleni na kuacha mdomo mkali, na mdomo huo ndio utakaochanja punje. Kinundu kinatakiwa kikokote, kisikate. Nyundo ile haikuwa kubwa, na aliinyanyua kimo kilekile kila mara, akiacha uzito wake ufanye kazi huku mkono ukiiongoza tu. Anapopiga, shaba hukaza tena pale pale ilipopigwa, kwa hiyo bati linabaki laini kati ya vinundu na gumu kwenye vinundu vyenyewe. Sijui kama kiwanda cha Aberdeen kingetaka kitu kingine zaidi ya hicho.

Vilikuwa mamia. Hakuhesabu wala hakuharakisha, na safu ya mwisho ilikuwa na kimo sawa na ya kwanza. Kila safu mbili alilifunua bati, akalaza rula juu yake na kuangalia mwanga unaopita chini. Vinundu viwili vilivyozidi alivirudisha kwa kugonga kidogo upande wa juu. Kimoja kilipasuka. Alikitazama, akakilehemu, akakisawazisha kwa tupa laini, akaendelea.

Kuvisha ngoma ni kazi ya watu wawili. Chuma cha chini kilikuwa kimesuguliwa hadi kutu ikaisha, kisha ngoma ikazungushwa mbele ya msumari uliowekwa karibu nayo bila kuigusa. Penye bonde mwanga ulipanuka. Bonde lilikuwa moja, akalijaza kwa kipande cha bati jembamba. Mwanzo wa shaba ukafungwa kwa skrubu, kisha bati likazungushwa, kamba ikapigwa juu yake, na kijiti kikatiwa ndani ya kamba na kusokotwa hadi ikakaza. Fundi akawa anagonga kwa nyundo ya mbao kati ya vinundu, kuanzia kwenye skrubu kuelekea ncha iliyo huru, akisukuma kila ulegevu mbele. Ulegevu ukibaki katikati hauondoki tena. Mshono alioupishanisha mwishoni aliuelekeza nyuma ya mzunguko, tunda lisije likagonga ukingo wake. Akaulehemu kwa bati tupu lisilo na risasi. Nilipouliza kwa nini anajisumbua kulitafuta, wakati la risasi ni rahisi kuyeyuka, alinitazama kama nimeuliza kwa nini mtu anaosha sufuria. "Si inapitisha kinywaji cha watu hii?"

Kurekebisha bamba kulisubiri kahawa halisi. Mama alikuwa ameacha debe la matunda yaliyoiva mapema, akijua litahitajika. Bolti za pande zote mbili zikalegezwa, bamba likasogezwa, na mkono wa gurudumu ukapewa kijana wa karakana. Maji yakamiminwa, matunda yakafuata. Fundi hakutazama mashine. Alichuchumaa upande wa kutokea, kiganja kimoja chini ya punje na kingine chini ya maganda. Kwenye maganda alitafuta punje zilizofuata njia isiyo yake. Kwenye punje alitafuta zilizochanjwa. Raundi ya kwanza maganda yalikuwa na punje nyingi. Akakaza bolti ya kulia robo mzunguko. Raundi ya pili zilipungua, lakini punje moja ilikuwa na mkwaruzo. Akailegeza nusu ya ile robo na kuigusa kidogo ya kushoto. Hivyo hivyo, hadi viganja vyote viwili vikamridhisha.

Alimwachia mama maelekezo machache, tena kwa mkazo. Matunda yatenganishwe, kwa sababu punje za miti ya zamani kama N39 na KP423 na za miche mipya inayotoka kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Ugano si lazima ziwe na ukubwa mmoja, na bamba limewekwa kwa kahawa aliyoileta. Mashine isimenye matunda makavu. Msimu ukiisha ioshwe, ikaushwe, bolti zilegezwe, na grisi itiwe kwenye mifereji ile miwili. Mama akasema amesikia. Fundi akamwambia ayarudie. Akayarudia yote, akasahau grisi, akarudishwa mwanzo.

Malipo yalikuwa chini ya bei ya mashine mpya, ingawa si kwa kiasi ambacho mtu angekirukia. Mama alilalamika kama ilivyo desturi, akalipa. Nadhani alichonunua si nafuu hiyo. Mwili wa chuma kizito hautikisiki gurudumu linapokimbia, na bamba lililowekwa leo litabaki pale lilipowekwa. Baadhi ya mashine nyepesi nilizoziona pale kwenye banda la fundi hazikuwa na ngoma ya kuvishwa kabisa. Ndani yake kulikuwa na bati lililokunjwa tu, na likiisha, mashine imeisha.

Kabla mama hajaondoka, kijana mmoja aliingia na mashine yake kwenye kiroba. Fundi akapitisha kidole ubavuni, akakikuta kilichomleta: ufa uliotoka kwenye tundu la shafti hadi ukingoni, wenye alama za watu waliojaribu kuuchomelea.

"Hii hapana, mwanangu. Hata nikikuchongea tundu, ufa utafunguka tena Julai. Kanunue mpya."

Kijana akaanza kuifunga kiroba, amenyong'onyea.

"Ila ngoma yake ni nzima," fundi akaongeza. "Shafti pia. Niuzie hivyo viwili."

Kijana akaacha kufunga. Akaifungua tena mashine, akaiangalia ngoma ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa chuma chakavu, na bei aliyoitaja ilimfanya fundi acheke kwa sauti na kumvutia kigoda akae, wazungumze.